Bosi na dagaa wa asubuhi

Bosi ana mwaka mmoja na miezi minne, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa mtaani. Mwezi wa tatu alitafuna kandambili nne, akachimba chini ya mpapai hadi mizizi ikatoka nje. Sikumpiga. Damu ya mbwa wa kuchunga kondoo kutwa nzima, halafu mimi namfungia bandani toka asubuhi mpaka jioni! Kosa lilikuwa langu.

Siku hizi saa 11:30 alfajiri tuko ufukweni Kigamboni, anakimbia mpaka ulimi unaning'inia. Joto la Dar si la mchezo, na mbwa hupoa kwa kuhema, hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Tukichelewa, naweka kwanza kiganja juu ya lami. Nikishindwa kuhesabu hadi 7, tunabaki nyumbani.

Lakini kilichonisaidia zaidi ni dagaa. Nachukua konzi ya dagaa wakavu wasio na chumvi, nawaficha uani: nyuma ya ndoo, kwenye matofali, chini ya kifuu cha nazi. "Bosi, tafuta!" Pua inashuka, mkia unasimama, pumzi fupifupi. Anakipita kifuu, anasita, anarudi hatua mbili, anakipindua kwa ukucha mmoja. Taratibu kabisa! Dakika 20 za kunusa zinamchosha kuliko saa nzima ya kurushiwa mpira.

Sasa hivi kalala mlangoni, anakoroma, kifuu kikiwa katikati ya miguu yake.