Wa kwanza kwetu kufika chuo

Ukifika hosteli swali la kwanza ni "Kwenu wapi?" Ukisema Ulyankulu, Tabora, hapo hapo linafuata la pili: "Aa, kule kwa wakimbizi?" Baba yangu aliingia Ulyankulu akiwa mgongoni kwa bibi, wakikimbia mauaji ya Burundi ya 1972. Mimi nimezaliwa hapo hapo. Uraia wa nyumbani kwetu ni wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, ule waliopewa watu zaidi ya 162,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, vyeti vikaanza kugawiwa 2014. Wenzangu wengi hujibu "Muha wa Kigoma" na yanaisha, maana Kiha na Kirundi vinasikilizana. Siwalaumu. Mimi niliamua kusema ilivyo tangu wiki ya kwanza, nisije nikakaa miaka mitatu nakumbuka nimemwambia nani nini.

Ila kweli tupu, asili haikunisumbua kama kukosa wa kumuuliza. Baba akipiga simu ni "Umekuwa wa ngapi?" Chuo hakuna wa ngapi, kuna GPA, yaani wastani wa alama zako zote, nikamweleza mpaka salio likakata. Kozi woku 40 (kazi na majaribio ya muhula), UE 60 (mtihani wa mwisho), sapu (mtihani wa marudio), karii (somo ulilofeli ukalibeba mwaka unaofuata), nani wa kunifafanulia? Wenye kaka waliosoma walijua hata mwalimu gani hurudia maswali ya miaka ya nyuma.

Aliyenifaa ni mwenzangu wa chumba, Msukuma wa Igunga, mtoto wa mfugaji. Jioni moja akaniuliza kwa sauti ya chini kama sapu inalipiwa. Nikacheka sana, kwa sababu na mimi nilikuwa natafuta wa kumuuliza hilo hilo. Tukagawana ofisi: yeye mitihani, mimi mikopo, usiku tunapeana majibu.

Ofisi ya mikopo niliichagua makusudi. Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, na kijana wa steshenari aliyekuwa ananijazia maombi alipoona karatasi ya tajnisi ya baba, imekunjwa mara nne ndani ya kinailoni, akataka kunirudisha uhamiaji. Sikutoka. Anayeomba ni mimi, na cheti changu ni cha hapa hapa Tabora. Nikamwekea mezani, nikamsomea namba, akajaza huku amenuna.

Kwa kuulizauliza huko tukajulikana. Darasa likaanza kuja chumbani kwetu kuuliza, hadi watoto wa walimu, kikazaliwa kikundi cha disikasheni. Ugali tunapika humo humo, maharage yanatoka kwetu. Yakiisha, kundi zima linataka kujua basi la Ulyankulu linaingia saa ngapi.

Mwaka huu mdogo wangu anaomba mkopo. Cheti chake nimeshakituma RITA mapema kabla dirisha halijafunguliwa, na baba nimemnunulia faili gumu la ile karatasi yake. Ameniuliza bei, nikampunguzia kidogo.