Pamba kwenye chupa ya vidonge

Ukija kununua mawese kwangu hapa Ujiji hutajua kwamba kwenye mkoba wangu mna chupa ya vidonge iliyojazwa pamba. Pamba ni ya kuzuia mlio. Chupa ya ARV, dawa za virusi vya UKIMWI, ukiitikisa inalia kama kayamba, na kuta za nyumba yetu hazifiki darini. Chumba cha pili analala mama mkwe.

Nilipimwa 2014, kliniki ya wajawazito, mimba ya kwanza, nikakutwa navyo. Dawa nikaanzishiwa siku ileile. Mtoto alitoka salama. Baba yake naye akatoka, kwa mlango wa mbele.

Mume niliye naye anajua. Nilimwambia kabla hajaleta posa, tumekaa Kibirizi tunatazama wanawake wakigeuza dagaa juani. Alinyamaza sana, halafu akaniuliza kama nimekula. Yeye hana virusi. Mama yake hajui lolote, na kila Idi alikuwa ananiuliza, "Mwanangu, mbona kimya?"

Nikaenda kusema nataka mtoto. Nesi mmoja akanitazama juu ya miwani. "Si unaye mmoja mzima? Unatafuta nini tena?" Nyumbani mbona huzai, kliniki mbona unataka kuzaa! Nilienda nyuma ya vyoo nikalia, nikajifuta na khanga, nikarudi kwa nesi mwingine. Huyu alifungua faili: wingi wa virusi chini ya 50, mara mbili mfululizo. Akasema kwa hali hiyo mume haambukizwi, na hatari kwa mtoto ni ndogo sana mradi nisiruke dozi, hata nikinyonyesha. Bila dawa, katika watoto 100 wanaweza kuambukizwa 15 hadi 45. Hiyo hesabu sijaisahau.

Nilidhani mimba ndiyo kazi. Kumbe kazi ni baada ya kujifungua. Wiki sita za kumpa mtoto dawa ya nevirapini ya maji, kila siku, mbele ya bibi anayetaka kujua kila tone. Nikasema ni ya kinga (sikudanganya sana). Ugomvi ulikuwa maji. Miezi sita ni ziwa langu tu, maana kumchanganyia vitu vingine mapema kunaongeza hatari, ila yeye aliona ninamtesa mjukuu wake kwa kiu, na joto hili! Siku moja nikamkuta ana kikombe na kijiko. Nilikichukua kile kikombe nikanywa mwenyewe mpaka mwisho. Siku tatu hakunisemesha.

Wiki ya sita wakamtoboa kisigino: hana. Alipovuka miezi 18, nimeshamwachisha, kipimo cha mwisho: hana. Nikapitia sokoni nikanunua migebuka minne mikubwa. Bibi akauliza kuna mgeni gani.

Sasa anadai wa tatu, wa kike. Mimi sitaki, na safari hii virusi havihusiki kabisa. Ni mgongo wangu na bei ya madumu. Nimeweka kijiti cha kuzuia mimba mkononi. Hicho nacho bibi hakijui, lakini angalau hakilii.