Kitabu kikiingia nyumbani

Oktoba 2019 nilipewa kurasa 30 nizisome kwa siku mbili. Ulikuwa mpango wa jaribio: shule nne za msingi za Kadutu, mjini Bukavu, Kongo, zipewe vitabu vya kusoma vya Kiswahili, nne za Ibanda zisipewe, na mwisho wa mwaka watoto wa pande zote wapimwe kusoma. Watoto karibu 2,000, na walioandika mpango walijivunia hesabu hiyo.

Mimi nilikwama kwenye majina ya komini, yaani sehemu za mji. Mtu wa Bukavu anajua Kadutu ni mlima wa nyumba zilizobanana, na Ibanda ina wazazi wengi wenye mishahara. Tofauti ikionekana, nani ataapa kwamba imeletwa na vitabu? Halafu vitabu vinapewa shule, na watoto wa shule moja wana walimu walewale na paa lilelile linalovuja. Tulikuwa na vitu vinane vya kulinganisha, si 2,000. Tena mwezi uliotangulia serikali ilikuwa imefanya shule za msingi za umma kuwa bure, madarasa yakafurika. Kulinganisha na mwaka uliopita kusingetusaidia.

Mkutanoni nikaomba shule za komini zote mbili ziandikwe kwenye vikaratasi, tuokote kutoka kofiani. Mkuu wa mradi akakataa: wazazi hawatavumilia kamari. Nikamwambia kwamba Busia, Kenya, dawa za minyoo zilipelekwa katika shule 75 kwa zamu iliyopangwa bila upendeleo, tangu 1998, na zote mwishowe zilipata.

Mama Direkta mmoja, mkuu wa mojawapo ya shule, akaomba neno.

"Mwanangu, kofia haina shida. Shida yangu ni usiku. Kwangu kuna watoto watatu, kila mmoja na shule yake. Kitabu kikiingia nyumbani, kitasomwa na wangapi?"

Nilinyamaza. Hata Busia, watoto ambao hawakumeza dawa nao walipungukiwa minyoo, kwa kuwa walichezea udongo uleule na waliotibiwa. Nilikuwa nimelisoma hilo, nikalisahau kwenye mji wangu mwenyewe.

Mchana ule tuliketi na madaftari yake ya majina, tukaandika kila mtoto anatoka avenyu gani. Katika darasa lake la tatu peke yake, 17 walikuwa na ndugu kwenye shule nyingine za orodha yetu. Shule mbili zilikuwa na familia nyingi za pamoja kiasi kwamba tulilazimika kuzihesabu kuwa moja. Nane zikawa saba. Mkuu wa mradi alilitazama karatasi letu kwa muda mrefu, kisha akauliza upande wa Bagira, komini nyingine ya mji, kuna shule ngapi.