Kusimama Njia Panda ya Thwaite

Jumapili moja ya mwezi Juni, saa tatu kasorobo asubuhi, mjomba wangu alisimama kwenye maegesho ya magari ya mji wa Skipton, kaskazini mwa Uingereza, akiwa amejizungushia kikoi shingoni kwa ajili ya baridi, akayahesabu magari yaliyopangwa mbele yake. Yalikuwa 14, yote Mazda MX-5, yote ya viti viwili, na karibu yote yamekunjwa paa ingawa mawingu yalikuwa chini kabisa. "Mjomba," akaniambia, kwa kuwa ndivyo tunavyoitana yeye na mimi, "magari yote haya, na hakuna hata moja la kubeba gunia la mkaa?" Nikamjibu kwamba buti lake linaenea begi moja na mwavuli. Akaingia kwa taabu, magoti yakigusa dashibodi, akafunga mkanda, kisha akauliza tunakwenda kufanya nini huko milimani. Nikamwambia tunakwenda kunywa chai.

Jibu hilo halikuwa mzaha. Kundi letu ni la eneo, ni watu wa wilaya chache za Yorkshire wanaomiliki gari la aina moja, na shughuli yake kubwa ni kuwapitisha wenzetu kwenye barabara nzuri kwa mwendo wa kistaarabu hadi mahali penye chai, skonzi na choo. Wengi wakisikia habari za magari ya spoti hudhani tunashindana. Sheria ya usalama barabarani ya Uingereza ya mwaka 1988 inakataza mbio na majaribio ya kasi katika barabara za umma, na ukomo wa mwendo katika njia za mashambani ni maili 60 kwa saa, yaani kilomita 96 hivi, ukomo ambao katika vichochoro vyenye kuta za mawe pande zote mbili hata mwendawazimu hawezi kuufikia. Hakuna anayepimwa muda na hakuna anayepewa kikombe. Yupo wa kwanza na yupo wa mwisho, na huyo wa mwisho ndiye mwenye kazi ngumu kuliko wote, lakini nitamfikia.

Gari lenyewe lilioneshwa kwa mara ya kwanza huko Chicago mwaka 1989, na kufikia mwaka 2016 Mazda walikuwa wametengeneza milioni moja. Langu ni la mwaka 1992, la injini ya lita 1.6, na nembo yake ya mbele haisemi Mazda bali Eunos, jina ambalo gari hilo liliuzwa nalo huko Japani. Liliingia Uingereza likiwa limekwisha kutumika, likiwa na usukani kulia kama yanavyotushukia ya kwetu Dar es Salaam na Mombasa, na kipimo chake cha mwendo kililazimika kubadilishwa kutoka kilomita kwenda maili. Wenzangu wa Afrika Mashariki wananiuliza mara kwa mara kwa nini sikulisafirisha nyumbani. Kenya haipokei gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, na Tanzania ushuru wa uchakavu ungenimaliza. Basi limebaki huku, likila kutu taratibu, nami nikilifuata kwa brashi ya rangi.

Sasa niseme namna msafara unavyoendeshwa, maana hapo ndipo penye utamu. Magari 14 hayawezi kufuatana kwa kuonana tu. Taa moja ya barabarani, trekta moja, au kondoo mmoja aliyeamua kulala katikati ya lami hutosha kuukata msafara vipande viwili. Zamani kundi lilikuwa likitoa karatasi zenye michoro iitwayo tulipu, jina lililotokana na mashindano ya Tulpenrallye ya Uholanzi yaliyoanza mwaka 1949: nukta nyeusi inaonesha unakotoka, mshale unaonesha unakokwenda, na pembeni kuna umbali kutoka kona iliyopita. Ni michoro mizuri, na humtosha hata asiyejua kusoma jina la kijiji hata kimoja, lakini humtaka abiria aliye macho, na nusu ya wanachama wetu huendesha peke yao. Kwa hiyo siku hizi tunatumia walinzi wa njia panda. Kiongozi akifika mahali ambapo mtu anaweza kupotea, gari la pili linajitenga, linasimama pembeni mahali salama, linawasha indiketa upande unaotakiwa na kubaki hapo mpaka wote wapite. Gari la mwisho, ambalo dereva wake hubaki yuleyule tangu mwanzo hadi mwisho, likitokea, mlinzi anaingia mbele yake na safari inaendelea. Njia panda inayofuata, aliyekuwa wa tatu amekuwa wa pili, na zamu ni yake. Kwa siku nzima kila mtu hupata nafasi ya kuwatazama wenzake wakimpita mmoja mmoja wakimpungia mkono, jambo ambalo mimi hulipenda kuliko kuendesha kwenyewe.

Kila kitu, kama unavyoona, kinategemea kumtambua wa mwisho.

Tulipanda bonde la mto Wharfe kupitia Grassington, Kettlewell na Buckden, kisha tukaanza kuikwea Fleet Moss, barabara inayofika mita 589 juu ya usawa wa bahari kabla ya kushuka hadi Hawes, mji mdogo unaojulikana kwa jibini ya Wensleydale. Pale juu unasikia mambo mawili tu, upepo na egzosi ya aliye mbele yako. Mjomba, ambaye aliendesha malori kati ya Tanga na Moshi kwa miaka mingi, alinyamaza muda mrefu, akiutazama mguu wangu wa klachi, kisha akatoa hukumu kwamba gia za gari hili ni fupi kama za mashine ya kusagia, na kwamba ni gari la mtu asiye na watoto. Baada ya Hawes tukashika njia ya Buttertubs. Kando ya barabara hiyo kuna mashimo marefu ya mawe ya chokaa, na husimuliwa kwamba wakulima waliokuwa wakipeleka siagi sokoni walikuwa wakipumzika hapo na kuiteremsha siagi humo ipate ubaridi. Kwa hilo mjomba alitikisa kichwa kwa heshima. Siagi juani anaijua.

Tulipokuwa tukiteremka kuelekea bonde la Swale, mvua nyepesi ikaanza na wingu likatufunika. Mwisho wa mteremko barabara inakutana na nyingine: kushoto ni Thwaite na Keld, kulia ni Muker na Reeth. Zamu ilikuwa yangu. Nikaegesha, nikawasha indiketa ya kushoto, nikakunjua paa na kulifunga, tukakaa kusubiri.

Gari la mwisho siku ile lilikuwa jekundu, la toleo la kwanza, lile ambalo taa zake kubwa hufichama ndani ya boneti na kuinuka zinapowashwa. Asubuhi tuliambiwa kwamba litakuwa limeinua taa muda wote ili tulitambue. Yalipita magari matano, halafu kutoka kwenye ukungu likatokea jekundu lenye taa zilizoinuka kama macho ya chura, nami bila kufikiri mara mbili nikaweka gia ya kwanza.

"Mjomba, umehesabu?" mjomba akauliza.

"Huyo ndiye wa mwisho, mjomba."

"Mimi nimehesabu sita."

Sikumsikiliza. Sikukumbuka kwamba katika msafara wetu yalikuwamo magari mekundu mawili ya toleo hilo, wala kwamba ndani ya ukungu mtu yeyote mwenye akili timamu huwasha taa. Yale sita yaliyobaki yalikuwa yamezuiwa na kondoo juu kule, kwenye daraja la vyuma linalozuia mifugo isivuke. Yalipofika njia panda hayakukuta mtu, na aliyekuwa mbele yao akachagua kulia, kwa kuwa kulia ndiko bonde linakofunguka. Kiongozi aliposimama Keld na kuhesabu, tulikuwa 8. Simu hazikuwa na mtandao. Nilirudi Thwaite peke yangu na mjomba, masikio yakiniwaka.

Njiani akanieleza jambo ambalo nilikuwa nikiliona tangu utotoni bila kulifikiria. Lori likiharibika barabarani, utingo hukata matawi na kuyatandaza nyuma kwa hatua nyingi, tawi baada ya tawi, ili anayekuja ajue kabla hajaona. Lakini walipokuwa wakisafiri malori manne au matano pamoja, alisema, walikuwa pia wakiweka majani penye kuchepuka, upande waliouelekea, na wa mwisho kupita ndiye aliyeyaondoa. "Majani hayaondoki yakidhani ameshapita," akasema, huku akitazama nje ya dirisha. Sikuwa na la kujibu.

Tuliwakuta wanarudi. Dereva halisi wa mwisho, mzee mtulivu aliyestaafu, aliona mbele yake hakuna mlinzi aliyeingia, akajua kuna kasoro, akawasimamisha wenzake Muker na kuwageuza. Tulipoteza dakika 25. Hakuna aliyenigombeza, na nadhani kugombezwa kungekuwa nafuu.

Tan Hill Inn, tulikokuwa tukienda, ni baa iliyo juu kuliko zote Uingereza, mita 528 juu ya usawa wa bahari, peke yake katikati ya nyika. Mwezi Novemba 2021 theluji iliwafungia humo watu wapatao 60 kwa usiku kadhaa, pamoja na bendi iliyokuja kupiga muziki wa usiku mmoja. Sisi tulifungiwa na mvua kwa saa moja na nusu tu. Nililipia chai ya watu 11, wote waliokuwa ndani ya yale magari sita, na hilo lilikuwa pendekezo langu mwenyewe. Kiongozi wetu alimtaka mjomba arudie habari ya majani, nami nikawa mkalimani. Mjomba akachukua mifuko midogo ya sukari na kuipanga mezani, akionesha lori lilipo, tawi la kwanza linapoanzia, na mahali pa kuchepuka. Yule mzee wa gari la mwisho alimsikiliza akiwa amevaa miwani, akauliza majani yalikuwa ya mti gani. Mjomba akamwambia mti wowote, ila mwarobaini hunyauka polepole.

Mengine ya kundi nitayataja kwa haraka. Kila mwezi tunakutana jioni moja kwa chakula, wenye kuendesha wakinywa maji ya limau. Mara moja kwa mwaka tunachangisha fedha za helikopta ya wagonjwa ya Yorkshire, ambayo huishi kwa michango. Kuna pia maonyesho ya kiangazi, ambapo watu hupanga magari uwanjani na kuyang'arisha toka asubuhi hadi jioni bila kuyawasha. Sivutiwi nayo, na mke wangu naye hayapendi, kwa sababu zake. Jambo la maana zaidi ni siku ya ufundi ya Januari, tunapokusanyika kwenye banda la mwanachama mmoja lenye shimo la fundi. Maradhi ya magari haya ni kutu kwenye vizingiti vya milango: maji ya paa hushuka kwa mifereji miwili nyuma ya viti, mifereji ikiziba majani na vumbi maji hukaa, chuma huoza toka ndani, na unapokiona kipele cha rangi nje, ndani hamna kitu tena. Dawa yake ni uzi wa nailoni wa mashine ya kukatia nyasi, unaosukumwa taratibu kwenye mfereji mpaka maji yaonekane yakitoka chini ya gari. Aliyelala chini ya gari langu na tochi mwaka huu alikuwa mzee yuleyule niliyemwacha mlimani, na ndiye aliyepiga kelele kwamba maji yametoka.

Mjomba alirudi Tanga zamani. Septemba tulifanya safari nyingine, kupitia Ribblehead, kwenye daraja la reli la matao 24, na safari hii gari la mwisho lilikuwa langu, taa juu, na kitambaa cha manjano kimefungwa kwenye bampa la mbele ili pasiwe na mashaka. Jioni nilimtumia picha ya magari yakiwa yamepangwa. Akanijibu kwa sauti, jogoo akiwika nyuma yake: "Nimeona, mjomba. Mmerudi wangapi?"