Siku moja ghalani Newry: jibini, makaratasi na mpaka uliohamishiwa baharini

Saa 11:00 alfajiri. Mvua ya manyunyu, kama kawaida ya Ireland Kaskazini. Mke wangu bado yuko zamu ya usiku hospitalini. Viza yake ya uuguzi ndiyo iliyotutoa Nakuru. Mimi nikafuata nyuma kama mtegemezi, nikapata kazi ya ukarani wa mizigo hapa Newry, jirani kabisa na Jamhuri ya Ireland.

Saa 12:00. Trela la kwanza limefika, limevuka na feri ya usiku kutoka Cairnryan, Uskoti. La pili limekwama bandarini Belfast: uzito wa jibini kwenye ankara haulingani na ulio kwenye cheti. Saa mbili nzima zinaishia kwenye simu.

Kwa nini jibini likaguliwe likitoka Uingereza kwenda Uingereza, maana Ireland Kaskazini nayo ni sehemu yake? Kwa sababu Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya, Jamhuri ya Ireland ikabaki ndani, na mpaka ulilazimika kukaa mahali. Kati ya kaskazini na kusini mwa kisiwa hiki kuna barabara zaidi ya 200 zinazovuka, na hakuna aliyethubutu kurudisha vizuizi huko. Basi ukaguzi ukahamishiwa bandarini. Tangu Oktoba 2023, bidhaa zinazobaki huku hupita njia ya kijani, karatasi chache. Zinazoelekea kusini hupita njia nyekundu, na huko ndiko ninakolia. Maziwa ya njia ya kijani hubandikwa lebo kwamba hayaruhusiwi Umoja wa Ulaya. Mimi na hayo maziwa tuko kundi moja: pasipoti yangu ya Kenya yenye viza ya Uingereza hainiruhusu kwenda Dundalk, mji wa ng'ambo ya mpaka, kununua hata mkate.

Saa 4:00, chai. Dereva wetu mzee, Mkatoliki wa South Armagh, anakumbuka forodha ya hapa Newry ilivyolipuliwa Agosti 1972. Walikufa watu 9: washambuliaji 3 wa IRA, kundi lililopigania kwa silaha kisiwa kizima kiwe Ireland moja, na wengine 6, makarani wa forodha na madereva wa malori. Watu wa kazi kama yangu na yake. Tangu anisimulie, sijawahi tena kuuliza mbona hawajengi kituo barabarani.

Kijana wa foklifti, Mprotestanti wa Portadown, hanyamazi. Yeye anajihesabu Mwingereza, na anauliza kwa nini mzigo kutoka nchi yake uje na fomu. Kwake, makubaliano ya Ijumaa Kuu ya 1998, ya kumaliza mapigano yale, yaliahidi kwamba hadhi ya mahali hapa haitabadilishwa bila ridhaa ya watu wake, na hii bahari imebadilisha kitu. Mzee anamjibu kwamba hata kujitoa Umoja wa Ulaya kwenyewe watu wa huku hawakukutaka: mwaka 2016 karibu asilimia 56 walipiga kura ya kubaki. Wanabishana, wanakunywa chai, wanarudi kazini. Kusema kweli namwelewa kijana kuliko ninavyomkubali. Fomu zinaniudhi, lakini fomu hazijaua karani.

Ila zimeangusha serikali. Februari 2022 DUP, chama cha wanaotaka kubaki Uingereza, kilijitoa serikalini kwa sababu ya mpaka huu wa baharini, na kwa kuwa chini ya makubaliano yale pande mbili, wanaotaka kubaki Uingereza na wanaotaka kuungana na Ireland, hutawala pamoja au hazitawali kabisa, Stormont, yaani serikali na bunge la hapa, ikafungwa miaka miwili. Nyongeza ya mishahara ya wauguzi ikakwama humo humo. Tarehe 18 Januari 2024 wafanyakazi wa umma zaidi ya 100,000 waligoma kwa siku moja, mke wangu akiwemo, na baridi ile ya kukata masikio. Serikali ilirudi mwezi uliofuata.

Saa 7:00 mchana. Lori la Dundalk linaondoka. Mpakani hakuna askari wala kizuizi. Utajua umevuka kwa vibao vya mwendo tu, maili zimegeuka kilomita.

Saa 10:00. Trela la Belfast limeachiliwa. Jibini ni zima, mwenye duka hana furaha. Desemba 2024 bunge la Stormont lilipiga kura ya kuendelea na utaratibu huu, 48 kwa 36, bila kura hata moja ya kuunga mkono kutoka upande wa kina kijana wa foklifti. Watapiga tena 2028.

Saa 12:00 jioni. Jumamosi kuna harusi ya Mkenya mwenzetu Dublin, mwendo wa saa moja na ushee. Viza ya Ireland haijajibiwa, na polisi wa kule huwa wanakagua mabasi, kwa hiyo hatujaribu. Mzee amekubali kufikisha zawadi yetu. Ni seti ya sufuria, na ameshaniuliza kama zina karatasi.