Kiangazi changu Geneva
Leo ni wiki ya kumi, kesho narudi nyumbani. Nilikuja kwa mafunzo ya vitendo nikidhani nitashinda vikaoni, nikiwasikiliza wataalamu 18 wa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa wanaosimamia Mkataba wa 1966 wa Haki za Kiraia na Kisiasa. Nilihudhuria, ndiyo. Lakini siku nyingi nilizama kwenye malalamiko ya watu binafsi, nikikagua jambo moja: je, mlalamikaji amemaliza njia zote za kisheria nchini mwake? Kama hajazimaliza, kwa kawaida lalamiko halipokelewi. Inauma, maana mahakama nyingine huchukua miaka. Barua ya mama anayemtafuta mwanawe, aliyekamatwa kisha akatoweka, niliisoma mara tatu. Bado anasubiri jibu.