Petali Katika Mto Chattahoochee

Juzi tukiwa mezani, kitinda mimba wangu aliniuliza kama mtu aliyekwisha kuchaguliwa na watu anaweza kukataliwa na wale anaokwenda kukaa nao barazani. Shuleni kwao kulikuwa na uchaguzi wa viranja, na nadhani maneno yalikuwa mengi. Nilimjibu kwamba inawezekana, kwamba imewahi kutokea, na kwamba nilimfahamu mama mmoja ambaye jambo hilo lilimfika yeye na mtaa wake mzima. Baada ya watoto kulala nilibaki macho hadi usiku wa manane, nikiikumbuka alasiri ya Jumamosi, tarehe 22 Agosti 2015, ukingoni mwa Mto Chattahoochee, karibu na jiji la Atlanta, Marekani.

Wakati huo nilikuwa bado Atlanta, ninasoma huku nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, kazi ambayo Wakenya wengi wa huko wanaijua. Mama niliyemhudumia alikuwa mwalimu mstaafu, Mmarekani mweusi, aliyeishi ujana wake katika mtaa wa Vine City. Siku ya kwanza aliposikia ninatoka Kenya, hakuniuliza habari za simba wala za Jomo Kenyatta. Alimtaja Oginga Odinga. Alikumbuka kwamba Odinga alifika Atlanta Desemba 1963, Kenya ikiwa ndiyo kwanza imepata uhuru, na kwamba vijana wa ile kamati ya wanafunzi iliyopigania haki za weusi, iliyojulikana kwa kifupi kama SNCC, walikwenda kumwamkia hotelini, kisha wakaingia katika mkahawa wa jirani ambao haukuhudumia weusi, wakakamatwa. Msemaji wa vijana hao, aliyeandika taarifa zao na kuzungumza na magazeti, alikuwa Julian Bond. Tangu siku hiyo ya kwanza mama alinichukulia kama mtu wa nyumbani, na jina la Bond nikalizoea kama la jamaa wa familia.

Bond alifariki dunia tarehe 15 Agosti 2015, akiwa na umri wa miaka 75. Familia yake ilitangaza kwamba majivu yake yangemwagwa katika Ghuba ya Meksiko Jumamosi iliyofuata, na ikawaomba wote waliompenda waende kwenye maji yoyote yaliyo karibu nao, saa tisa alasiri kwa saa za Atlanta, wakatupe petali za maua. Mimi nimelelewa katika desturi ya kumzika mtu ardhini na kulijua kaburi lake, na jambo hilo lilinitatiza. Mama hakutatizika hata kidogo. Asubuhi alinituma uani nikachume waridi zote zilizokuwa zimechanua, nyekundu na za manjano, nami nikazipukuchua katika bakuli la kioo ambalo kwa kawaida hakuruhusu mtu kuligusa.

Tulikuta watu wachache pale mtoni, wengi wao wazee, na kijana mmoja aliyemleta bibi yake. Hapakuwa na mhubiri wala kipaza sauti. Saa tisa ilipotimia mtu mmoja aliitaja saa kwa sauti, na wote wakatupa petali zao, zikaelea zikifuata mkondo. Mama hakutupa. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, bakuli mapajani, mikono miwili juu yake kana kwamba upepo ungelipokonya. Nilidhani hakusikia, nikainama kumkumbusha. Aliniambia kwamba alikuwa amesikia, na kwamba hangetupa ua lolote kabla sijaelewa analitupa kwa nini.

Akaanza na Januari 1966. Nilikuwa nimekwisha kusikia vipande vya kisa hicho jikoni kwake, lakini siku hiyo alikipanga kwa utaratibu wa mwalimu aliye mbele ya ubao. Tarehe 3 Januari, huko Tuskegee, Alabama, Sammy Younge, kijana mweusi aliyekuwa amelitumikia jeshi la majini la Marekani, aliuawa kwa risasi baada ya mzozo kuhusu choo cha wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko la kupinga vita vya Vietnam na kuwaunga mkono vijana waliokataa kuandikishwa jeshini. Bond hakuliandika tamko hilo. Alikuwa na miaka 25, alikuwa amechaguliwa mwaka uliotangulia kuwawakilisha watu wa Vine City na mitaa ya jirani katika Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, na alichokuwa anasubiri ni kiapo tu. Mwandishi wa habari alipomuuliza kama analikubali tamko, alijibu kwamba analikubali.

Hapo mama alinyamaza kidogo, akanitaka nitoe picha iliyokuwa ndani ya Biblia yake. Ilikuwa imekatwa gazetini, imegeuka rangi ya chai. Ndani yake wawakilishi wamesimama, mikono ya kulia imeinuliwa, wanakula kiapo, na katikati yao Bond ameketi, kijana mwembamba aliyevaa suti na tai, anatazama mbele. Ni tarehe 10 Januari 1966. Siku hiyohiyo Baraza lilipiga kura 184 dhidi ya 12 kumnyima kiti, kwa hoja kwamba mtu mwenye maneno kama yale hawezi kuapa kwa dhati kuitetea katiba. Niliitazama ile picha kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia, huku maji yakipita na watu wakianza kurudi kwenye magari yao. Uso wa Bond katika picha ile haukuwa na hasira wala aibu. Alikaa kama mtu aliye mahali pake halali. Mama alisema kwamba yeye hakumwona Bond peke yake pale kitini. Alijiona yeye, mumewe, na kila jirani aliyepanga foleni kupiga kura.

Ndipo akachota petali kwa kiganja na kuzirusha kwa nguvu, kama mtu anayewatupia kuku mtama, akitaja kura ya 1965. Akachota tena, akataja uchaguzi mdogo wa Februari 1966, ambapo watu walewale walimchagua Bond yuleyule, na kamati ya Baraza ikamkataa tena. Akachota mara nyingine, akataja Novemba 1966, walipomchagua kwa muhula mpya. Petali zilizosalia alinipa mimi.

Yaliyofuata yameandikwa vitabuni. Bond alikwenda mahakamani, na Martin Luther King, aliyekuwa mkazi wa Vine City na mpiga kura wake, akajiunga naye katika shauri hilo. Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba mwakilishi ana haki ya kusema mawazo yake sawa na raia mwingine yeyote, tena ana wajibu wa kuyasema ili waliomchagua wajue msimamo wake. Januari 1967 aliapishwa. Mwaka 1968, katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Chicago, alipendekezwa kuwa mgombea wa umakamu wa rais, akajiondoa kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35. Alikaa katika Baraza hadi alipoingia Seneti ya jimbo mwaka 1975, akatoka 1987. Mwaka 1986 aligombea kiti cha bunge la taifa dhidi ya John Lewis, rafiki yake wa tangu enzi za SNCC, akashindwa. Nilimuuliza mama alimpigia nani kura mwaka huo. Alikataa kunijibu, na nikaona kwamba jeraha hilo bado lilikuwa bichi kwake.

Tukiwa garini nilimwambia kwamba, kwa maoni yangu, waliomweka Bond kitini ni majaji tisa, kwa sababu kura za Vine City zilipigwa na kurudiwa na Baraza halikutikisika. Alikataa katakata. Alisema kwamba laiti watu wangechoka mwezi Februari na kumchagua mpole mmoja ambaye Baraza lingempokea, Bond angefika mbele ya majaji akiwa hana mtu nyuma yake. Nilimjibu kwamba sheria haihesabu walio nyuma ya mtu. Alisema nimesoma sheria kitabuni tu. Tulibishana hadi nyumbani, na tukaendelea kubishana nilipokuwa nikimpikia chakula cha jioni. Miaka yote hii sijaweza kumkubalia kabisa, wala kupata hoja ya kumshinda.